Ada Lovelace na Swali la Namba Isiyo na Kazi

Wanafunzi wengi wa kompyuta tunalijua jina la Ada kwa njia mbili. Kuna lugha ya programu yenye jina hilo, na kuna ile slaidi ya kwanza ya somo la utangulizi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu aliyevaa gauni pana. Mhadhiri anasema huyu ndiye mtunga programu wa kwanza duniani, slaidi inapita, tunaingia kwenye biti na baiti, basi. Makala hii inairudisha ile slaidi nyuma kidogo. Ada Lovelace alifariki mwaka 1852, lakini aliacha maandishi yanayogusa jambo ambalo kompaila za leo, pamoja na ujanja wake wote, bado linazishinda mara kwa mara: kujua kama kitu kilichowekwa kwenye memori bado kina kazi au kimekaa tu.

Jambo hili si la wakubwa wa Marekani peke yao. Mwanachuo anayeandika programu ya kumsaidia mkulima wa mahindi wa Mpanda au mfuga nyuki wa Inyonga anaiandikia simu ya bei ya chini, yenye memori ya kubana na chaji ya kuhesabu. Kila nafasi inayotengwa bila kazi inamgusa mtu huyo. Sisi huku tunajifariji kwamba hata tukiandika ovyo, kompaila itasafisha. Kweli, itasafisha baadhi. Kwa nini haisafishi yote? Maisha ya Ada yanatusaidia kulielewa hilo kuliko kurasa nyingi za kitini.

Augusta Ada Byron alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake alikuwa Lord Byron, mshairi aliyejulikana Ulaya nzima kwa mashairi yake na kwa vituko vyake. Mama yake, Annabella Milbanke, alikuwa mtu wa hesabu. Ndoa yao ilidumu mwaka mmoja hivi. Ada akiwa na umri wa mwezi mmoja tu, mama alimbeba akaondoka naye, na miezi michache baadaye Byron aliihama Uingereza moja kwa moja. Hakumwona tena binti yake. Alifia Ugiriki mwaka 1824, Ada akiwa na miaka minane. Mwaka huohuo, watu wa karibu na Byron walikusanyika London katika ofisi ya mchapishaji wake, wakauchoma moto muswada aliokuwa ameandika kuhusu maisha yake. Waliona hauna faida yoyote isipokuwa kuleta aibu. Mpaka leo hakuna awezaye kuusoma. Tukiweke akilini kisa hiki, maana kinahusu kufuta, na kufuta ndiyo habari yetu.

Mama yake Ada aliogopa mtoto asije akarithi kichaa cha ushairi, kwa hiyo akamjaza hisabati tangu utotoni. Mwaka 1829 surua ilimwangusha msichana huyo vibaya, akakaa kitandani muda mrefu, na alipoinuka alitembea kwa magongo. Masomo hayakusimama. Vyuo vikuu vya Uingereza vya wakati huo havikupokea wanawake, kwa hiyo hakuwahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara kama sisi. Alifundishwa nyumbani na kwa barua. Mary Somerville, mwanamke aliyeheshimika sana katika sayansi, alimshika mkono, na kuanzia mwaka 1840 Augustus De Morgan, profesa wa hisabati wa London, alimfundisha kalkulasi. Wale wanaolalamika kwamba mhadhiri haonekani ofisini wafikirie kusoma kalkulasi kwa barua, huku una watoto watatu nyumbani.

Nimeruka kidogo, turudi. Juni 1833, akiwa na miaka 17, Ada alikutana na Charles Babbage, mwanahisabati aliyekuwa akiunda mashine ya kukokotoa kwa magurudumu ya shaba. Wageni wengi waliokwenda kuiona waliitazama kama kioja. Ada alitaka kujua inavyofanya kazi. Baada ya muda Babbage alianza kuchora mashine kubwa zaidi, ambayo ingepokea maagizo kwa kadi zenye matundu, kama zile zilizoongoza mashine za kufuma vitambaa kule Ufaransa. Sehemu zake kuu zilikuwa mbili. Moja aliiita ghala, ambako namba zingekaa kwenye nguzo za magurudumu. Nyingine aliiita kinu, ambako namba zingejumlishwa, kutolewa, kuzidishwa na kugawanywa. Mtu wa Katavi hahitaji maelezo marefu hapo: mahindi yanatoka ghalani, yanakwenda mashineni, unga unarudi nyumbani. Leo tunasema memori na prosesa, lakini mpangilio ni uleule.

Mwaka 1835 Ada aliolewa na William King, ambaye miaka mitatu baadaye alipewa cheo cha Earl wa Lovelace, na ndipo lilipotoka jina tunalolijua. Walipata watoto watatu. Mwaka 1840 Babbage alikwenda Turin kuieleza mashine yake, na mhandisi Luigi Menabrea, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika makala juu yake kwa Kifaransa. Ilichapishwa Geneva mwaka 1842. Ada aliifasiri kwa Kiingereza, kisha akaiongezea maelezo yake saba, aliyoyapa herufi A hadi G. Maelezo hayo yalikuwa marefu kuliko makala yenyewe. Yalichapishwa mwaka 1843, yakiwa na herufi tatu tu za jina lake, A.A.L. Alikuwa na miaka 27.

Watu wengi wakitaja kazi hii wanakimbilia maelezo G, yenye jedwali la hatua 25 la kukokotoa namba za Bernoulli. Ndilo linaloitwa programu ya kwanza. Lakini mimi naomba tufungue maelezo D, ambayo hayana umaarufu huo.

Hapo Ada anachambua kazi ndogo ambayo hata kidato cha pili wanaifanya: milinganyo miwili yenye x na y. Ukikokotoa x peke yake unazidisha mara nne, unatoa mara mbili, unagawanya mara moja. Ukikokotoa y peke yake, ni vilevile. Jumla hatua 14. Lakini namba ya chini ya sehemu ya x ndiyo hiyohiyo ya sehemu ya y. Ukiikokotoa mara moja na kuitunza ghalani, hatua zinabaki 11: kuzidisha sita, kutoa tatu, kugawanya mbili. Menabrea alikuwa ameandika kwamba Babbage alitarajia mashine izidishe namba mbili za tarakimu 20 kwa dakika tatu. Kwa hiyo kuzidisha mara mbili bure ni dakika sita zimepotea. Ada akasisitiza kwamba hesabu moja inaweza kupangwa kwa namna nyingi, na kwamba kazi muhimu ni kuchagua mpangilio utakaomaliza kwa muda mfupi kuliko yote. Hiyo ndiyo kazi ya kompaila, imeelezwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kompaila kuwepo.

Sasa lile la ghala. Katika mashine ya Babbage kusoma namba kulikuwa na gharama. Kuipeleka namba kinuni maana yake ni kuzungusha magurudumu yake mpaka yarudi sifuri, na kama unaihitaji tena sharti irudishwe. Kwa hiyo kadi za ghala zilikuwa za aina tatu. Kadi ya kwanza huitoa namba na kuacha nafasi ikiwa sifuri. Kadi ya pili huitoa namba na kuibakiza. Kadi ya tatu hupokea jibu jipya. Mashine ilikuwa ya Babbage, na kadi hizo ni sehemu ya mpango wake. Ada ndiye aliyezieleza kwa wasomaji na kuziweka kwenye majedwali, hatua kwa hatua, akitumia tarakimu ndogo pembeni ya kila nafasi kuonyesha ni mara ya ngapi nafasi hiyo inabeba thamani mpya, na lini imerudi sifuri. Ile namba ya chini inayotumika mara mbili, mgawanyo wa kwanza unaisoma na kuibakiza, wa pili unaisoma na kuiacha sifuri, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeiuliza.

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali lenyewe: baada ya hapa, kuna atakayeiuliza namba hii? Kila mstari wa jedwali ulilazimika kulijibu. Na Ada aliweza kulijibu kwa sababu programu nzima ilikuwa mbele ya macho yake, kwenye karatasi moja.

Kompaila ya leo haina bahati hiyo. Chukua funksheni ndogo ya lugha ya C. Inaomba nafasi ya namba 1,000 kwa malloc, inajaza sifuri, kisha inairudisha kwa free bila kusoma hata namba moja. GCC au Clang zikiruhusiwa kuboresha msimbo, zinaweza kuliona jambo lote kwa mara moja na kulifuta: hakuna kuomba, hakuna kuandika, hakuna kurudisha. Safi kabisa. Mwanafunzi akiona mfano huo darasani anaondoka na imani kubwa kupita kiasi.

Badilisha kitu kimoja tu. Anwani ya nafasi ile ipitishe kwenye funksheni iliyoandikwa katika faili jingine. Wewe unajua kwamba funksheni hiyo haisomi chochote. Kompaila haijui, maana inapotafsiri faili hili hailioni lile. Inalazimika kudhani kwamba huko anwani ilikokwenda kuna atakayesoma. Au iweke anwani ile kwenye kigeu kinachoonekana na programu nzima, hata kama hakuna anayekigusa. Au uwe na pointa mbili ambazo huenda zinaelekea mahali pamoja: kompaila haithubutu kufuta maandishi ya kwanza, kwa kuogopa kwamba ile pointa nyingine itayasoma kabla hayajaandikwa juu. Halafu kuna suala la zamu. Kompaila inafanya kazi kwa awamu, na awamu ya kufagia inaweza kuwa imeshapita pale awamu nyingine inapogundua kwamba kitu fulani hakina mteja. Takataka inabaki, nafasi inaombwa, sifuri 1,000 zinaandikwa, na hakuna anayezisoma.

Wakati mwingine kikwazo ni sheria ya lugha yenyewe. Kwenye C++, ruhusa ya wazi ya kompaila kuacha kuomba memori iliyoagizwa kwa new ilikuja na toleo la mwaka 2014. Kwenye Java, mashine ya HotSpot inaweza kuepuka kutenga kitu kwenye memori ikihakikisha kwamba kitu hicho hakitoki nje ya funksheni yake. Kikitoka tu, kinatengwa. Na wewe wa Python ya kawaida usijidanganye: orodha uliyoiunda bila kuitumia itaundwa hivyohivyo.

Kwa nini kompaila iwe mwoga hivyo? Mtu wa Mpanda ana jibu lake karibu na stesheni. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita kama 210, ilijengwa wakati wa ukoloni ili kusomba madini ya risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uchimbaji ule ulikuwa umekwisha. Mtu aliyekaa mbali, mwenye karatasi inayosema tu kwamba reli hii ni ya mgodi na mgodi umefungwa, angeagiza mataruma yang'olewe. Lakini kwenye njia ile walikuwepo abiria, mazao na wafanyabiashara wa Tabora, ambao hawakuandikwa kwenye sababu ya kwanza ya ujenzi. Treni ya Mpanda inabeba watu mpaka leo. Ukiwa huoni njia yote, kubakiza kuna hasara ndogo kuliko kung'oa. Kompaila inafikiri hivyohivyo: ikibakiza kisicho na kazi, programu inakuwa nzito, ikifuta chenye kazi, programu inatoa jibu la uongo.

Tena yapo makosa ya upande wa pili. Mtu anaandika programu inayopokea nywila, na kwa uangalifu mkubwa anaijaza sifuri nafasi ya nywila kabla ya kuirudisha. Kompaila inaangalia, inaona sifuri hizo hazisomwi na yeyote, inafuta agizo lile. Kwa sheria za lugha haijakosea. Lakini nywila imebaki kwenye memori, na mwizi akifika anaikuta. Shida ilikuwa kubwa kiasi kwamba toleo la C la mwaka 2023 liliongeza memset_explicit, agizo la kujaza ambalo kompaila hairuhusiwi kulipuuza. Kwa hiyo tunayo mashine ambayo mara inabakiza tusichokitaka, mara inafuta tulichokitaka, na mara zote mbili chanzo ni kimoja: sisi tunajua jambo ambalo msimbo wetu hausemi.

Turudi kwa Ada, kwa sababu miaka yake ya mwisho haikuwa rahisi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeshatumia kama pauni 17,000 kwenye mashine ya kwanza ya Babbage, na mwaka 1842 ikaiacha. Babbage alitaka malalamiko yake dhidi ya serikali yaunganishwe na kazi ya Ada bila jina la mwandishi, Ada akakataa, wakagombana, kisha wakapatana. Aliomba asimamie mipango ya mradi, Babbage hakukubali. Ile mashine kubwa haikukamilika kamwe. Ada hakuchapisha tena kazi ya uzito huo. Alijiingiza kwenye kamari ya farasi, akapata madeni mazito. Ugonjwa wa saratani ya kizazi ukamtesa, na alifariki tarehe 27 Novemba 1852 akiwa na miaka 36, umri uleule aliofia baba yake. Kwa ombi lake alizikwa Hucknall, kando ya kaburi la baba ambaye hakumjua.

Maelezo yake yalibaki kwenye makabati ya maktaba. Yaliandikwa kwa ajili ya mashine ambayo haikuwepo, na kwa karibu miaka mia moja wasomaji wake walikuwa wachache mno. Hebu mpe kompaila yoyote maisha yale: thamani imeandikwa mwaka 1843, haisomwi mwaka unaofuata, wala muongo unaofuata. Angeifuta. Kisha kompyuta za kweli zikaja. Mwaka 1950 Alan Turing, katika makala yake juu ya mashine na kufikiri, alijadiliana na hoja za Ada kana kwamba yuko hai. Mwaka 1953 maelezo yote yalichapishwa upya katika kitabu cha Kiingereza kuhusu kompyuta. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipopata lugha yake mpya ya programu iliiita Ada, na namba ya kiwango chake ikawekwa 1815, mwaka aliozaliwa. Muswada wa baba ulichomwa na watu waliokuwa na hakika kwamba hauna kazi. Maandishi ya binti yalinusurika kwa sababu tu hakuna aliyejisumbua kuyaondoa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwenye ghala la vitabu nakubali. Kwenye simu ya mkulima, akiba ya memori isiyosomwa inaoza, inamla chaji na inaigandisha programu siku anapoihitaji. Kwa hiyo hatuwezi kutoka hapa na kanuni moja ya kufuta kila kitu au kubakiza kila kitu. Tunachoweza kufanya ni kile alichofanya Ada kwenye maelezo D: kwa kila nafasi, jiulize nani ataisoma na lini mara ya mwisho.

Kwa vitendo ni hivi. Tenga memori karibu na pale inapotumika, ndani ya funksheni ileile, ili kompaila iione mwanzo na mwisho wake. Usisambaze anwani kwenye mafaili mengine kama hakuna sababu. Kwenye kitanzi kinachozunguka mara elfu, tumia nafasi moja tena na tena badala ya kuomba mpya kila mzunguko. Kitu ambacho lazima kifutwe, kama nywila, kifute kwa agizo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Halafu usiamini kwa mdomo: mwambie GCC akutolee asembli, tafuta kama malloc bado imo. Ukiikuta, fuatilia anwani ile imekwenda wapi. Mara nyingi utakuta ni mstari mmoja ulioubandika kutoka kwenye desa la mwaka jana, wala hukuwahi kujiuliza unafanya nini pale.